Mbegu Zilizotaka Baridi

Baba alirudi nyumbani kutoka Kericho miaka michache baada ya Uhuru, akiwa na sanduku la mbao, koti zito la mvua na bahasha nne za mbegu za maua. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametunza bustani ya meneja mmoja wa shamba la chai. Meneja huyo na mkewe walikuwa wamerudi kwao Uingereza, na nyumba ikapewa mtu ambaye hakutaka bustani. Sisi nyumbani, kwenye mteremko ulio juu ya Nyamache, tulimzoea baba wa likizo: anakuja Desemba na sukari, anakaa wiki mbili, anaondoka kabla hajajua ng'ombe yupi ana mimba. Sasa alikuwa amekuja kukaa, na hakuna aliyejua tuishi naye vipi, hasa mama.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, muuguzi katika zahanati ndogo upande wa Itumbe, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Siku za kazi nililala katika nyumba za wafanyakazi. Ijumaa alasiri nilirudi kwetu kabla ya Sabato kuingia. Kwa hiyo mambo mengi ya mwaka ule wa kwanza niliyapata kwa mama, kidogo kidogo, tukiwa jikoni tunachambua mboga.

Jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa la mawe. Shamba letu lilikuwa na mawe mengi, na kila msimu mama aliyaokota akilima, akayabeba hadi mpakani, akayarundika. Kulikuwa na marundo matano, yamefunikwa na magugu, na watoto wote wa boma walikatazwa kucheza hapo kwa sababu ya nyoka. Wiki ya pili baada ya kurudi, baba alianza kuyavunja marundo hayo. Aliyachagua mawe moja moja, akayaleta kwa toroli hadi mbele ya nyumba, akayapanga upya kwenye ule mwinuko ulio chini ya mlango. Hakuyapanga kama ukuta. Aliyazika nusu, yakiinamia nyuma, kati ya jiwe na jiwe akaacha ufa mpana wa vidole viwili, na ufa akaujaza udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni na changarawe.

Mama alivumilia siku nne. Siku ya tano alimfuata pale pale alipoinama.

“Mawe hayo nimeyatoa shambani miaka kumi na minane,” alimwambia. “Wewe umekuja kuyarudisha.”

Baba, kwa maelezo ya mama mwenyewe, aliweka jiwe alilokuwa ameshika, akanawa mikono, akaenda kukaa ndani. Kesho yake akaendelea, ila aliacha rundo moja mpakani bila kuligusa, na hadi leo sijui kama ilikuwa ni heshima au uchovu.

Mimi ndiye niliyemuuliza anajenga nini. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alieleza kwa kirefu. Kule Kericho mke wa meneja alikuwa na kilima cha mawe mbele ya veranda, na katika nyufa za mawe kulikuwa na maua madogo madogo, ya aina ambayo haifi msimu ukiisha. Yanalala, yanarudi, kila mwaka yanaongezeka upana. Baba ndiye aliyebeba kila jiwe la kilima kile. Ndiye aliyemwagilia, akang'oa magugu, akafukuza konokono. Lakini mbegu hakuwahi kuzigusa. Mbegu zilikuwa kazi ya mama mwenye nyumba. Alizipanda mwenyewe katika vyungu vya udongo, ndani ya chumba cha kuta za vioo, na baba alikabidhiwa miche ikiwa tayari imefikia urefu wa kidole. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza kinachofanyika mle ndani. Siku ya kuagana, mwanamke yule alimpa zile bahasha nne na barua ya karatasi mbili yenye maelezo.

“Nataka kuona kama naweza,” alisema baba.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na baba alisoma Kigusii cha Biblia na Kiswahili kidogo tu. Akaniletea niisome. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nami nilitakiwa zahanati kabla ya saa sita kwa sababu kulikuwa na mama aliyekaribia kujifungua. Mwandiko ulikuwa mdogo na umelala. Nilisoma nikiwa nimesimama, kikapu begani, nikiruka mistari. Nilimwambia kwamba anatakiwa kupanda nusu ya mbegu kwanza na kuweka nusu akiba, atumie udongo wenye mchanga, azifunike vizuri, asiache zikauke. Akanishukuru. Nikaondoka karibu nikikimbia.

Alitengeneza masanduku ya mbao ya kina kifupi, akatoboa matundu chini, akapanda. Alizunguka masanduku hayo asubuhi na jioni kwa muda wa miezi miwili. Katika sanduku moja kulitokea mche, kisha mingine sita, na baba akaizungushia vijiti na kipande cha wavu wa kuzuia kuku. Alikuja kuniita Ijumaa moja nikitoka tu njiani, viatu bado vina tope, nikaione. Mama alikuja nyuma yetu. Aliinama, akachuma jani, akalinusa.

“Ni chinsaga,” alisema. Hiyo ni mboga yetu ya kila siku, huota yenyewe popote penye samadi.

Halafu akacheka. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu baba arudi, na pengine hata kabla. Baba naye akatabasamu, ingawa nadhani alikuwa amejua mapema kuliko alivyokiri. Chinsaga ile tuliila usiku huohuo na ugali wa wimbi.

Siku ya Jumapili baba alinipa tena ile barua. Safari hii alivuta kiti, akaniketisha, akasema nisome neno kwa neno, hana haraka. Nikasoma. Nilipofika katikati ya ukurasa wa kwanza nilirudia mstari mmoja, nikaona nilichokuwa nimefanya. Mwanamke yule alikuwa ameandika wazi kwamba mbegu hizi ni laini kama vumbi na zisifunikwe kabisa, zikandamizwe tu juu ya udongo, kwa kuwa nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Mimi nilikuwa nimemwambia azifunike vizuri. Na ukurasa wa pili, ambao sikuufungua siku ile ya kwanza, ulisema kwamba bahasha mbili kati ya nne ni za maua ya milima ya baridi. Mbegu zake hazitaamka mpaka zidhani kipupwe kimepita. Ziwekwe katika mchanga wenye unyevu, mahali pa baridi kali lakini pasipoganda, kwa wiki sita.

Nilimwambia baba yote, pamoja na kwamba kosa lilikuwa langu.

“Alikuwa anaziweka kwenye friji,” alisema. “Karibu na siagi. Mimi nilidhani anazificha panya wasizile.”

Katika eneo letu lote, kutoka sokoni Nyamache hadi Itumbe, nilijua friji moja tu iliyokuwa karibu na mikono yetu. Ilikuwa ya mafuta ya taa, nyeupe, imesimama katika chumba cha dawa cha zahanati, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwangu. Ilihifadhi chanjo. Kila asubuhi nilikata utambi, nikajaza mafuta, nikasoma kipimajoto na kuandika. Mlangoni kulibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa kwamba hakuna kitu kingine kitakachowekwa ndani, hata maji ya kunywa.

Baba alijua habari za friji hiyo kwa sababu nilikuwa nimejisifia nayo. Hakuniomba siku ile. Aliniomba baada ya wiki mbili, nikakataa, nikamweleza kuhusu chanjo za watoto. Akasema ameelewa. Mwezi uliofuata aliniuliza tu kama kopo dogo, kiasi cha kopo la kakao, linaweza kudhuru chanjo. Nilisema ukweli, kwamba kopo safi lililofungwa halingedhuru, lakini si halali. Akasema ameelewa. Hakunilaumu hata mara moja kwa ile nusu ya mbegu iliyopotea, na hilo ndilo lililonishinda. Angenikaripia ningekuwa na la kujibu.

Nililichukua kopo. Nililichemsha, nikalikausha, tukaweka mchanga uliooshwa na mbegu za zile bahasha mbili, nikalifunga kwa kifuniko na plasta, nikaliweka pembeni kabisa katika rafu ya chini. Kila asubuhi niliposoma kipimajoto nililiona. Mfanyakazi mwenzangu wa zahanati, mwanamke mzee aliyefunga vidonda, aliliona pia, akaniuliza nikamwambia. Alisema tu kwamba anatumaini maua hayo ni mazuri.

Zilikuwa zimetimia wiki tano pale msimamizi wa zahanati alipofika kutoka wilayani kukagua. Hakutoa taarifa. Alikuwa mtu mtulivu, si mtu wa kupenda makosa ya wengine. Alihesabu dawa, akatazama daftari la wajawazito, akasifu usafi wa chumba. Kisha akafungua friji.

“Hii ni nini?” aliuliza.

“Ni mbegu, bwana.”

“Mbegu za nini?”

“Za maua. Ni za baba yangu.”

Alilishika lile kopo kwa muda, akilizungusha, kama mtu anayetafuta maandishi. Aliniuliza kama ninajua maana ya karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nilisema ninajua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeibandika. Aliniuliza nilitegemea kuliacha humo mpaka lini. Nikamjibu wiki moja zaidi. Nilidhani pengine atasema basi liache. Hakusema. Aliliweka juu ya meza, kwenye jua la dirishani, akaandika maneno mengi katika kitabu chake, akaniagiza niandike maelezo ya sababu. Niliandika nusu ukurasa. Nilitaka kuandika habari za baba na kilima cha mawe na barua niliyoisoma vibaya, lakini kila sentensi ilionekana ya kitoto, kwa hiyo niliandika kwamba nilikosea na sitarudia.

Alikuwa na haki. Nimesema hivyo mara nyingi kwa wauguzi vijana niliowafundisha baadaye, na sikuwaambia kwa nini ninalijua jambo hilo vizuri.

Jioni hiyohiyo nilibeba kopo hadi nyumbani, ingawa haikuwa Ijumaa. Mama aliponiona alijua kuna jambo. Baba alisikiliza, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake na kofia ya kanisani, anataka kwenda wilayani usiku huo kumwambia msimamizi kwamba kosa ni lake. Mama alisimama mlangoni.

“Ukienda watamwona ni mtoto,” alimwambia. “Mwache abebe lake. Hizo mbegu tuzipande kabla hazijaoza.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema “tuzipande”. Sidhani alilichagua neno hilo, lilimtoka tu.

Asubuhi, kabla sijarudi kazini, niliwatazama wakizipanda. Baba alifungua kopo, akaanza kuzitenga mbegu na mchanga kwa ncha ya sindano. Mama alimtazama, kisha akamwomba amwachie. Alichukua kopo lote kama lilivyo, mchanga na mbegu, akaongeza mchanga mkavu viganja viwili na majivu kidogo yaliyochekechwa, akachanganya kwa vidole. Alisema ndivyo anavyopanda mbegu za mboga ya managu, ambazo nazo ni kama vumbi. Mtu akizishika zenyewe zinaanguka zote mahali pamoja, lakini ndani ya mchanga zinatawanyika. Alirusha mchanganyiko ule juu ya masanduku kwa mwendo wa mkono ambao sote tulikuwa tumeuona maisha yetu yote shambani, akakandamiza kwa kiganja, akafunika kwa jani la mgomba lililotobolewa ili mwanga uingie na mvua isipige. Za bahasha nyingine mbili, zisizotaka baridi, walizipanda vivyo hivyo.

Kulikuwa na swali la Sabato. Masanduku ya kina kifupi hukauka upesi, na siku moja ya jua ingeua yote. Baba, ambaye huko Kericho alilazimika kufanya kazi hata Jumamosi na akaja nyumbani na deni la dhamiri, hakutaka kugusa maji siku hiyo. Mama, aliyekuwa mkali wa Sabato kuliko yeye, ndiye aliyesema kwamba ng'ombe hunyweshwa Sabato na Yesu mwenyewe alisema, sembuse kitu kisichoweza hata kutembea hadi mtoni. Basi wakanyunyiza.

Nilipewa uhamisho kabla mche wowote haujatokea. Barua ilisema ninahitajika katika zahanati nyingine, ng'ambo ya Masimba. Haikutaja friji. Kutoka huko sikuweza tena kurudi kila Ijumaa. Nilirudi mara moja kwa mwezi, wakati mwingine baada ya miezi miwili. Nilikasirika na kila mtu, kisha nikazoea. Huko ndiko nilikompata mume, kwa hiyo siwezi kusema uhamisho ule ulinipotezea.

Niliporudi mara ya kwanza masanduku yalikuwa yamejaa kijani. Za kwanza kuota zilikuwa zile zisizotaka baridi. Moja ilikuwa na majani membamba ya rangi ya majivu, na mwaka uliofuata ilitoa maua ya waridi yenye kingo kama zilizokatwa kwa mkasi, yakinukia karafuu kabisa. Ya pili ilitambaa juu ya mawe ikining'iniza vikengele vya zambarau. Zilizolala kwenye friji zilichelewa zaidi. Aina moja ilitoa miche kumi na zaidi, yenye majani ya manyoya kama masikio ya sungura, na ilipochanua ilikuwa na kikombe cha zambarau na kiini cha manjano. Aina ya nne, ambayo barua ilisema ndiyo ngumu kuliko zote, ilitoa miche mitatu. Konokono mmoja alikula miwili kwa siku moja. Uliobaki baba aliuhamishia kwenye ufa ulio juu kabisa, akauwekea changarawe shingoni ili maji yasitulie.

Mche huo ulikaa miaka miwili bila kufanya lolote. Ulikuwa kishada cha majani mafupi, magumu, kisichozidi kisahani cha chai. Majirani waliokuja kuomba vipando vya ule wa karafuu hawakuuliza hata jina lake.

Mwaka wa tatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, dereva wa lori la majani ya chai aliniletea ujumbe kwamba baba ananitaka nyumbani. Nilidhani kuna mgonjwa. Nilifika alasiri, mvua ikiwa imeanza kama kawaida yetu, nikamkuta baba mzima na mama mzima, na baba akanipeleka moja kwa moja kwenye kilima cha mawe. Kulikuwa na kitu kama ncha ya kalamu, imejisokota, ya rangi ya kijani na weusi. Akasema ni ua, limejifunga kwa sababu ya mvua, nisubiri asubuhi.

Asubuhi tulikaa watatu kwenye ngazi na uji. Jua lilipopanda juu ya migomba, kama saa nne, ua lile lilianza kujifungua polepole sana. Lilikuwa bluu. Nimeona maua mengi tangu hapo, na sijaona bluu nyingine kama ile. Ilikuwa nzito, kama wino kabla hujaugusa kwa maji. Ua lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mche. Mama aliweka kikombe chini.

“Hili ndilo lililokuhamisha?” aliniuliza.

Nilisema ndilo. Akalitazama tena, akasema basi si dogo.

Baba ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwa amelisema kabla. Mke wa meneja aliipanda mbegu ya ua hilo mara nne kule Kericho. Mara mbili haikuota, mara mbili iliota ikafa. Hakuwahi kuliona likichanua katika bustani yake. Baba alilijua tu kwa picha iliyokuwa kwenye bahasha.

Mchana wake alinitaka nimwandikie barua mwanamke huyo, kwa anwani aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Nikakaa mezani, akaniambia maneno kwa Kigusii nami nikayageuza, safari hii bila kuruka. Alimsalimu, akamuulizia miguu yake iliyokuwa ikimsumbua, akamwambia mvua ni nzuri, chai tumepanda kidogo, mke wangu ni mzima. Akamweleza habari za ua la karafuu, na vikengele, na lile la manyoya. Halafu akasema nimalizie kwa salamu.

“Tata, na la bluu?” nilimuuliza baba.

“Usimwandikie hilo,” alisema. “Atajisikia vibaya.”

Mama alikuwa akipepeta wimbi mlangoni. Alisema kwamba yeye angelitaja la kwanza. Baba akacheka, lakini barua ilikwenda bila hilo. Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu, kadi yenye picha ya kanisa, na maneno mafupi ya kushukuru. Miguu ilikuwa bado inamsumbua.

Baba alikufa mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa kichomi, baada ya kuugua siku tisa. Nilikuwa naye. Mama aliendelea na kilima peke yake, na watu ambao hawakutujua walidhani ulikuwa mradi wake tangu mwanzo. Alikusanya mbegu kila mwaka, akazikausha katika ungo, na akina mama wa kanisa walikuja kuchukua ua la karafuu kwa ajili ya harusi. Aliyaita maua yale kwa majina aliyoyabuni mwenyewe, na mengine yalifika mbali. Nimewahi kuliona lile la vikengele kwenye ua wa shule moja karibu na mji wa Nyamira, na mwalimu akaniambia ni ua la asili la Wagusii.

La bluu lilikufa mwaka wa pili baada ya baba, katika mvua ndefu ambayo haikutoa nafasi ya jua hata asubuhi. Shingo ililainika, mama akalivuta likatoka lote bila mizizi. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta katika ufa ule amepanda vitunguu vya majani. Nilimuuliza kwa nini hakuacha wazi kidogo. Akasema udongo wa pale ulikuwa umechanganywa vizuri, na kwamba nikirudi Masimba nibebe vichache.